Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo wa kaunti yetu: tuachieni kondoo mwekundu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo na Mifugo,
Serikali ya Kaunti.

Nakala: Kamati ya Kilimo, Bunge la Kaunti, Afisa wa Mifugo wa Wadi.

Novemba 2024

MINTARAFU: MADUME WA DORPER WALIOGAWIWA KINA MAMA WAFUGAJI

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka huku nyanda za chini. Nakuandikia hadharani kwa sababu faraghani nimeshindwa. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono mwezi wa Juni, ikapigwa muhuri wa kupokewa, nakala ninayo. Julai nikaambiwa faili iko kwa mkurugenzi. Agosti nikaambiwa mkurugenzi yuko semina. Ujumbe niliomtumia afisa wako kwa simu una tiki mbili za buluu tangu Septemba. Nauli ya kuja makao makuu na kurudi ni sawa na bei ya chupa ya dawa ya minyoo, na hiyo dawa ya minyoo ndiyo iliyonifikisha hapa.

Sitataja kaunti wala afisa yeyote kwa jina. Wahusika watajijua. Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama 14 wanaofuga kondoo katika nchi kavu ya Umaasaini, kusini mwa Kenya.

Agosti 2023 lori la kaunti lilitushushia madume 6 wa Dorper, kondoo wa nyama wa mbegu ya kigeni. Wakati huo ndio kwanza tulikuwa tumetoka kwenye ukame ulioanza mwisho wa 2020, misimu 5 ya mvua ikashindwa mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Maboma yalikuwa matupu. Wale madume walikuwa weupe mwili, weusi kichwa, mgongo mpana unaoweza kuweka sahani ya chai isimwagike. Tuliimba, Mheshimiwa. Ipo picha yangu nimemkumbatia mmoja shingoni nacheka meno yote nje. Nalitaja hili mapema asije mtu akasema tuliwachukia tangu mwanzo.

Sharti lilikuwa moja: mama anayetaka majike wake wapandwe na dume mpya, kwanza awahasi au awauze madume wake wa kienyeji, "wasiharibu damu". Tukawahasi. Mama mkwe wangu peke yake ndiye aliyekataa. Alimpeleka dume wake mwekundu, yaani kondoo wetu wa kienyeji wa Kimaasai, kwa kaka yake ng'ambo ya korongo, akatuambia sote kwamba amemuuza. Usiku majike wake walikuwa wakilala huko.

Majike wetu walipandwa Septemba. Oktoba hadi Desemba ikaja El Niño, mvua ambayo watoto wangu wadogo hawakuwahi kuiona. Wanakondoo wakazaliwa Februari, wazuri, wazito kuliko tulivyozoea. Halafu ikafuata masika ya 2024, ile iliyoleta mafuriko karibu nchi nzima. Zizi likawa tope, majani yakafika magotini.

Asubuhi moja ya Aprili mwanakondoo mmoja hakuinuka. Chini ya taya alikuwa na mfuko wa maji. Ukiubonyeza, shimo la kidole linabaki. Yule kijana mwenye mafunzo ya mifugo anayetuhudumia kwa pikipiki alimbana kati ya magoti, akashusha kope la chini kwa kidole gumba, akaniambia nitazame nyama ya ndani. Kwa kondoo mwenye afya ni nyekundu. Yake ilikuwa nyeupe kama karatasi ya daftari. Alikufa kabla ng'ombe hawajatoka. Tukampasua tumbo la nne, na ndani mlikuwa na minyoo wembamba kama uzi wa kushonea, wengi wao na mstari mwekundu na mweupe iliyosokotana. Ule wekundu ni damu aliyonyonya. Kijana alinieleza kwamba mnyoo mmoja humpotezea kondoo kiasi cha mililita 0.05 za damu kwa siku. Wakiwa 1,000, hizo ni mililita 50. Mwanakondoo wa kilo 12 hana hata lita 1 ya damu mwilini. Jike wa mnyoo huyo hutaga maelfu ya mayai kila siku, yanaanguka na kinyesi, na kwenye unyevu na joto yanaanguliwa, funza wake wanapanda majani na kumsubiri kondoo mwingine.

Siku hiyo hiyo tulivuka kwenda kwa mama mkwe. Malisho ni yale yale, maji ni yale yale. Tulishusha kope za wanakondoo wake mmoja baada ya mwingine, na karibu zote zilikuwa nyekundu. Alituangalia tukihangaika, hakusema kitu. Mama mkwe wangu akinyamaza ujue amesema mengi.

Kufikia Julai, katika wanakondoo wangu 21 walikuwa wamebaki 9. Yeye walizaliwa 19, wakabaki 17. Kati ya madume 6 mliotuletea amebaki mmoja.

Hoja zetu ni hizi.

1. Dume alichaguliwa kwa mizani. Ardhi haikuulizwa.

Dorper si mnyama mbaya, wala sitaki mfugaji wake wa Laikipia au Naivasha anione adui. Alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kumchanganya Dorset Horn wa Uingereza na kondoo wa kichwa cheusi anayeitwa wa Kiajemi, ambaye asili yake ni huku huku pembe ya Afrika, ni kondoo wa Wasomali aliyefika kule karne ya 19. Kwa hiyo damu yake nusu ni ya jirani yetu. Najua pia afisa wako atasema: "Lakini mama, Dorper ni kondoo wa nchi kame." Ni kweli. Ni wa nchi kame ya Karoo, huko Afrika Kusini, penye seng'enge, palipo na maji ndani ya shamba, ambapo kundi halirudi kila jioni kulala kwenye zizi moja lenye kinyesi cha jana. Nchi yetu ni kame kwa miaka 3, halafu inakuwa bwawa kwa miezi 3. Kondoo wa hapa lazima astahimili vyote viwili, na katikati yake atembee kilomita 10 kwenda kisimani na 10 kurudi. Saa saba mchana madume wenu walikuwa chini ya mgunga, midomo wazi, wanahema. Wekundu walikuwa wameshapita.

2. Utafiti ulikuwepo, na ulifanyiwa Kenya.

Miaka ya 1990 wanasayansi wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, ILRI, waliwaweka Dorper na kondoo wekundu wa Kimaasai pamoja huko Diani, pwani ya kusini, penye joto na unyevu. Wakahesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi, wakapima damu, wakaandika nani amekufa na nani amepona. Wekundu walitoa mayai machache zaidi, damu yao haikushuka sana, na wanakondoo wao wengi zaidi walifika umri wa kuuzwa. Kwa hesabu ya kundi zima, yule mdogo alimwacha yule mkubwa mbali.

Nisizidishe chumvi: kwenye nchi kavu pengo kati yao ni dogo zaidi kuliko pwani, na kuna miaka Dorper au chotara wake anamshinda mwekundu waziwazi. Wala mwekundu hana kinga ya kila kitu; sotoka ya mbuzi na kondoo inamuua kama inavyomuua mwingine. Lakini mwaka wa mvua nyingi nchi yetu inageuka Diani, na mfugaji anafilisika ndani ya mwaka mmoja. Hafilisiki kwa wastani wa miaka kumi.

3. Mlituambia tuhasi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Dume akifa ni hasara ya siku moja. Damu ikiisha katika kundi hairudi kwa lori. Sikiliza hesabu yake, Mheshimiwa. Yule chotara mzuri ambaye maafisa wako walipiga naye picha, mwenye mwili wa baba na ugumu wa mama, ni mtoto wa dume wa Dorper na jike mwekundu halisi. Ili umpate tena mwakani unahitaji tena jike mwekundu halisi. Na jike mwekundu huzaliwa na dume mwekundu. Sasa mkishawahasi madume wote wekundu, baada ya vizazi viwili au vitatu huyo mama mnamtoa wapi? Mtabaki na Dorper juu ya Dorper juu ya Dorper, kila kizazi kikisogea kumfanana babu wa Karoo, na minyoo wetu ni wale wale.

Kosa lenyewe si geni. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa wafugaji Dorper kwa bei ya ruzuku. Wafugaji waliwapenda, wakapandisha, na hakuna aliyewaeleza jinsi ya kuendelea baada ya chotara wa kwanza wala jinsi ya kubakiza kundi la wekundu pembeni. Ndiyo sababu leo ukitaka dume mwekundu asiye na doa la damu ngeni unazunguka masoko matatu humpati. Tulisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, mwenyeji ndiye anayekwisha.

4. Dawa.

Najua jibu limeshaandaliwa: "Hawakuwanywesha dawa." Tuliwanywesha. Mara 4 kati ya Novemba na Mei, kila mara kwa fedha za kikundi zilizowekwa kwa ajili ya karo. Kilichotokea ni kwamba mara mbili za mwisho hawakupona, na hilo nalo si jambo la ajabu, kwa sababu minyoo sugu wasiosikia dawa za kawaida wameandikwa kwenye taarifa za utafiti nchini humu kwa miongo. Kadiri unavyowanywesha wote mfululizo ndivyo unavyobakiza mnyoo mkaidi azaane. Duka la dawa hapa sokoni linauza chupa zile zile kwa majina matatu tofauti, na mwenye duka hujaza kipimo kwa kuangalia ukubwa wa bomba la sindano. Kondoo anayehitaji chupa kila baada ya wiki sita ili aishi ni wa mtu mwenye mshahara. Sisi mshahara wetu ni yeye.

5. Mafunzo yalikuwa nusu siku, soda na mandazi, na picha za ukutani kwa Kiingereza.

6. Hakuna aliyetuuliza tunamfugia nini kondoo.

Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja, "nyama". Kondoo mwekundu ana mkia wa mafuta. Wakati wa kiangazi ule mkia ndio ghala lake, unaona unapungua wiki hadi wiki kama mfuko wa unga. Na huku kwetu mwanamke akijifungua, mafuta ya mkia huyeyushwa akanyweshwa apate nguvu. Mtoto dhaifu hupewa kijiko. Mwaka huu wakwe zangu wawili wamejifungua, na mafuta tumeyatoa kwa mama mkwe. Najua jambo hili haliingii kwenye ripoti ya robo mwaka. Kwetu linaingia kwenye kila boma.

Sasa, soko. Mtaniambia dalali anayepakia kwenda Kiamaiko, soko la mbuzi na kondoo kule Nairobi, anataka kondoo mkubwa. Anamtaka, sikatai, na chotara akifika sokoni analipa vizuri kuliko mwekundu. Neno ni hilo "akifika". Tuseme chotara mmoja anauzwa kwa bei ya mwekundu mmoja na nusu, na hapo nimewapa nyinyi faida. Chotara wangu 9 wananipa fedha za wekundu 13 na nusu. Mama mkwe ana 17, na hakutoa senti ya dawa zaidi ya mara moja. Yeye hajasoma darasa hata moja. Hesabu hii nilipomfanyia chini kwa kijiti, alicheka akaniuliza huko ofisini wanahesabu kwa vidole vya nani.

Wapo watakaosema tunapinga maendeleo, tunang'ang'ania ya kale. Basi niwakumbushe walowezi, ambao hakuna aliyewahi kuwaita washamba. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lord Delamere alileta kondoo wa sufu wa Merino huko Njoro, akiwa na mtaji ambao kikundi chetu hakitauona. Wengi wakafa, malisho yale yalikuwa na upungufu wa madini na hakuna aliyejua. Alijifunza kwa hasara kwamba ardhi ndiyo inayochagua. Leo kondoo wa sufu wapo, wanafanya vizuri kwenye baridi ya Molo na Kinangop, na hakuna mtu mwenye akili anayewashusha huku chini kwenye joto letu. Kwa nini busara hiyo hiyo isitumike kwa Dorper?

Tunachoomba, Mheshimiwa, ni hiki.

Kwanza, sharti la kuhasi madume wa kienyeji lifutwe kwa maandishi, wiki hii ikiwezekana, kwa sababu nimesikia awamu ya pili ya mgao inakuja wadi jirani na kina mama wameshaanza kutafuta wa kuwahasia. Hilo halihitaji bajeti. Ni karatasi moja na sahihi yako.

Pili, fedha zilizotengwa kununua madume wa Dorper kwa nyanda za chini zinunue madume wekundu halisi kutoka kwa wafugaji wa hapa hapa, wavishwe hereni zenye namba, na liwepo kundi la wekundu la jamii lenye daftari: nani mama, nani baba, nani alinusurika masika bila dawa. Madume watokane na hao walionusurika. Anayetaka chotara apewe Dorper wake, ila abaki na sehemu ya majike wake wanaopandwa na mwekundu, na aelezwe kwa lugha anayoisikia. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde rasilimali za kijenetiki na uhai anuwai. Jedwali la Nne nalo limeweka ufugaji mikononi mwa kaunti. Kondoo wa mama mkwe ni rasilimali hiyo, hata kama amefungwa kwa kamba ya mkonge.

Tatu, kabla ya mgao wowote mwingine kaunti ipimwe kwa kanda zake. Juu kwenye baridi, katikati, na huku chini si nchi moja. Sampuli za kinyesi kutoka maboma machache baada ya kila msimu wa mvua zingetosha kuanzia, na kijana wetu wa pikipiki yuko tayari kuzikusanya akiwekewa mafuta.

Nne, tuoneshwe daftari la mradi: madume wangapi walinunuliwa, wapi, kwa bei gani, na wangapi wako hai leo. Ombi hili nalileta chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotoa siku 21 za kujibu. Zikipita, kina mama wameshatia vidole gumba kwenye maombi ya kupeleka Bunge la Kaunti, yako kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati langu.

Fidia ya wanakondoo waliokufa siombi. Wenzangu wengine wanaitaka na watasema wenyewe. Mimi nilimkumbatia yule dume kwa hiari yangu.

Yule Dorper mmoja aliyebaki tumemhamishia kwa mama mwenye miti mingi, anashinda kivulini na anapewa maganda ya mgunga. Ni mpole, watoto wanampenda. Karibu umwone, au umpeleke panapomfaa.

Dume wa mama mkwe naye amerudi kutoka ng'ambo ya korongo. Kina mama 9 wameshaleta majike wao. Kwa sasa amefungwa kipande cha ngozi chini ya tumbo asipande mapema, wana wasije wakazaliwa kabla ya majani. Ngozi itafunguliwa mwisho wa mwezi huu. Ukija kabla ya hapo, Mheshimiwa, utamkuta amesimama mlangoni mwa zizi, amekasirika.

Wako mwaminifu,

Katibu,
Kikundi cha kina mama wafugaji, nyanda za chini.